Siri ya mtoto sio siri ya ofisi: nani anatakiwa kutuambia ustawi wa jamii wanafanya nini

Majuzi kwenye grupu la wasap la mtaa wetu hapa Tanga mtu katupia picha ya mtoto ana alama za mkanda mgongoni. Hakuna aliyeuliza ni ya lini wala ya wapi, nusu saa haijaisha meseji zimejaa, huyu anasema ustawi wa jamii wamelala usingizi wa pono, yule anasema bora walale maana wakija wanambeba mtoto na humuoni tena, afu akaingia mzee mmoja mwalimu mstaafu, tunamheshimu sana, akaandika kwamba jambo hilo lilishafikishwa ofisini ila ofisi hairuhusiwi kusema kitu kwa sababu ni siri. Basi, mjadala ukafa palepale. Neno siri huku kwetu lina uzito, likitajwa tu watu wanashusha sauti na kujifanya wanatafuta chaja.

Mi nikabaki nalo kichwani. Siri ya nani hasa?

Kwa sababu kuna siri mbili hapo na tumezifunga kwenye kanga moja. Ngoja nizifungue taratibu, na naanza na maneno yenyewe maana nusu ya ubishi wetu inatokana na maneno.

Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sio chini ya kimo fulani, sio "ambaye hajabalehe". Kijana wa miaka 16 anayeparua samaki pale Deep Sea tangu alfajiri ni mtoto, na binti wa miaka 17 ambaye keshajifungua naye bado ni mtoto.

Ulinzi wa mtoto ni ile kazi ya kuzuia asipigwe kupita kiasi, asibakwe, asitelekezwe, asifanyishwe kazi za kumuumiza, na kama yashatokea basi kumtoa hapo na kumhudumia. Na ustawi wa jamii ni idara ndani ya halmashauri ambayo kazi hiyo inaiangukia zaidi. Hapa mjini ni halmashauri ya jiji, ukienda Muheza, Pangani au Mkinga ni halmashauri ya wilaya, mkoa mzima una halmashauri 11.

Sasa neno gumu ni taarifa. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti. Kuna taarifa inayopanda, yaani mimi nimesikia mtoto wa jirani analia kila usiku naenda kusema. Na kuna taarifa inayoshuka, yaani ofisi iliyopokea hayo maneno inarudi kwa wananchi na kusema tulipokea mangapi, tukafanya nini, tukashindwa wapi. Ukisikia kiongozi anasema "wananchi toeni taarifa" anaongelea ile inayopanda. Hiyo tumehubiriwa sana, mabango yapo, namba ya bure 116 ipo, matangazo ya redio yapo. Ile inayoshuka hata jina lake la kawaida hatuna. Kwenye makaratasi wanaita uwajibikaji, na tumelizoea hilo neno mpaka limekuwa kama salamu, linapita sikioni halishiki.

Nieleze kwa kikoba, kila mtu anakijua. Sanduku lina makufuli matatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, kila wiki daftari linasomwa mbele ya wote: tumeingiza kiasi gani, nani kakopa, nani hajarudisha, faini zimefika ngapi. Sasa Mwanaidi akikopa laki mbili, hakuna anayemuuliza mbele ya watu kama amemlipia mume deni au anamtibu mama yake. Hiyo ni siri yake. Lakini mweka hazina akisema "siwezi kuwasomea daftari kwa sababu mambo ya mikopo ni siri za wanachama", nadhani mnajua kitakachofuata, atatoka pale bila kanga ya juu. Watu hawatohangaika na maelezo, wataelewa mara moja kwamba anayefichwa pale ni mweka hazina mwenyewe.

Ndo ilivyo kwa ustawi. Jina la mtoto, sura yake, anaishi na nani, alifanywa nini, hospitali waligundua nini, hivyo ni vya mtoto na vinatakiwa vifungwe kwa makufuli hata zaidi ya matatu. Ndo maana mahakama ya watoto inakaa faragha, huwezi kwenda kukaa bench la nyuma kusikiliza kama kesi ya wizi wa baiskeli. Lakini ofisi ilipokea taarifa ngapi miezi mitatu iliyopita, ngapi ilizifuatilia, ilichukua siku ngapi mpaka afisa kufika nyumbani, ngapi zilikwenda polisi, ngapi zilifungwa na kwa sababu gani, pesa ya mafuta ilitoka au haikutoka, hivyo sio vya mtoto yeyote. Ni vya ofisi, na ofisi ni yetu.

Hapa niseme kitu kwa haki maana sitaki ionekane nawasakama watu. Hata takwimu zinaweza kumvua mtoto nguo. Hapa Tanga mitaa ya Ngamiani nyumba zimebanana, ukisoma kwenye mkutano kwamba "mtaa huu kuna kesi moja ya mtoto wa kike wa miaka 9 anayelelewa na bibi muuza mkaa" hujataja jina lakini ushamtaja, tena na barabara yake ushaitaja. Kwa hiyo hesabu za aina hiyo zinajumlishwa kwa kata au jiji zima ndo zinasomwa. Hiyo ni sababu ya kuandaa takwimu kwa akili, sio sababu ya kutoziandaa.

Tuje kwenye swali ambalo linachosha watu zaidi, nani anawajibika? Hapa ndo utajua kwa nini ukiuliza unarushwa kama mpira wa chandimu. Afisa ustawi unayemwona na faili kwapani ni mwajiriwa wa halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi, na halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI, ile ofisi ya Rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Lakini sera na miongozo ya watoto inatoka wizara nyingine kabisa, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum ambayo iliundwa Januari 2022. Polisi wa dawati la jinsia na watoto wako Mambo ya Ndani. Daktari anayejaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, yuko wizara ya afya. Afu kuna kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017, zinatakiwa ziwepo kuanzia mtaa mpaka juu. Ni sawasawa na nyumba ya urithi ya pale Ngamiani, bati linavuja na warithi wapo saba, kila ukimgusa mmoja anakwambia mwambie kaka, kaka yuko Dar, na mvua haisubiri.

Sheria yenyewe haijaacha hilo likaelea. Imezipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto walio kwenye eneo lake, na kifungu cha 95 kinasema mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Soma tena hapo, ushahidi AU taarifa. Kuna wale wanaosema "sina ushahidi, nisije nikaitwa mahakamani kwa kusingizia watu". Kazi ya kuchunguza ni ya afisa, wewe unapeleka ulichoona na ulichosikia kwa nia njema, basi. Kwa hiyo kwa lugha ya warithi saba, mwenye ufunguo wa mlango wa mbele ni halmashauri. Wengine wote wana vyumba vyao ndani lakini unayembishia hodi ni huyo.

Na lile la kubeba watoto? Limeenea sana na limewafanya wamama wengi wafunge mlango wakisikia ustawi. Afisa hana mamlaka ya kuamua peke yake kwamba kuanzia leo mtoto huyu sio wa nyumba hii. Kumweka mtoto chini ya uangalizi wa serikali kwa muda mrefu kunahitaji amri ya mahakama, na kabla ya hapo kuna kuita wazazi, kukaa nao, kuandikiana makubaliano, kumtafuta ndugu mwingine. Mara nyingi kinachotokea ni mazungumzo tu, na binafsi naona shida yetu kubwa ni kinyume cha huo uvumi, mazungumzo yanakuwa mengi mno mpaka na kesi ya kubaka inageuzwa kikao cha ukoo, mnakaa kwenye mkeka, mnakula halua, mnalipana, mnaita suluhu. Kumbaka mtoto adhabu yake kisheria haishuki chini ya miaka 30 jela, hiyo sio kesi ya mkekani. Na kwa vile hakuna anayesoma daftari, hakuna anayejua ngapi zimeyeyuka hivyo.

Kwani wenzetu wanafanyaje? Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho kila nikikisoma naona kama kimetokea hapa, maana kinaanza na jambo letu la kila siku, mtoto kupelekwa kwa shangazi akasome. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast, wazazi wakamkabidhi kwa shangazi ya baba yake ampeleke Ulaya apate elimu. Alifariki London Februari 2000 akiwa na miaka 8, ameteswa na huyo shangazi na mwanaume aliyekuwa akiishi naye, na mwilini alikutwa na majeraha 128. Ila kilichowashtua Waingereza ni kwamba mtoto hakuwa amefichwa. Alishapita kwa maafisa ustawi, polisi na hospitali. Serikali ikaunda uchunguzi chini ya Lord Laming, mashahidi wakahojiwa hadharani, na Januari 2003 ripoti ikatoka ikiwa wazi kwa yeyote, ikahesabu si chini ya mara 12 ambapo mtu wa serikali angeweza kuingilia kati na hakufanya hivyo, ikatoa mapendekezo 108. Mwaka uliofuata sheria yao ya watoto ikabadilishwa.

Naomba muangalie kitu kimoja hapo. Hawakusema ni siri ya marehemu. Mtoto akishakufa mikononi mwa mfumo uliotakiwa kumlinda, hesabu ya ofisi inafunguliwa ukurasa kwa ukurasa.

Marekani nao wana mpangilio wao, kule kila jimbo lina idara yake lakini kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayosema, kwa lugha rahisi, jimbo linalotaka ruzuku ya ulinzi wa watoto lazima likubali masharti. Mojawapo ni kwamba mtoto akifa au akinusurika kufa kwa kuteswa, matokeo ya uchunguzi au taarifa za kesi hiyo zitolewe kwa umma. Jingine nalipenda zaidi: majimbo yanatakiwa kuwa na majopo ya raia wa kawaida wanaokutana angalau kila miezi mitatu, wanaruhusiwa kupitia kazi ya idara kwa sharti la kutunza siri, afu wanatoa ripoti ya mwaka inayosomwa na yeyote na jimbo linatakiwa kujibu kwa maandishi. Yaani raia anaingia ndani, anaona kila kitu, jina la mtoto halitoki nje lakini tathmini inatoka. Sio kwamba kule mambo ni shwari, watoto wanakufa na magazeti yanapiga kelele kila mwaka. Ila wakipiga kelele wana karatasi mkononi, sisi tunapiga kelele na skrinishoti.

Sisi sio kwamba hatuna kitu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ule mkataba unazitaka nchi zipeleke ripoti kwenye kamati ya umoja wa mataifa Geneva, halafu kifungu cha 44 kinaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mkutano wowote, kwamba nchi itahakikisha ripoti hizo zinawafikia kwa upana wananchi wake yenyewe. Yaani kinachosomwa Geneva ilitakiwa na huku kwetu Makorora, Tanga, kisomeke.

Na tulishawahi kufanya kitu cha kishujaa sana kuhusu hizi hesabu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa, Bara na Zanzibar, vijana wa miaka 13 hadi 24 wakaulizwa yaliyowapata utotoni, na matokeo yakatangazwa hadharani 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Vipigo ndo usiseme, karibu robo tatu. Wengi wa waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakuwahi kwenda ofisi yoyote kutafuta msaada. Serikali ingeweza kuufungia kabatini, haikufanya hivyo, na mipango mingi iliyofuata ikiwemo MTAKUWWA imesimama juu ya zile namba.

Hapa linaingia kosa la kusoma takwimu ambalo waandishi wetu nao wanalirudia. Ukisikia "matukio ya ukatili yaongezeka" usikimbilie kusema dunia imekwisha. Umeme ukirudi usiku ukawaona mende jikoni, mende hawajazaliwa na taa. Dawati likifunguliwa, namba ya simu ikitangazwa, mwalimu akifundishwa dalili, taarifa zinapanda kwa sababu watu wameanza kusema. Halmashauri inayoripoti kesi 300 inaweza kuwa inafanya kazi kuliko inayoripoti 12. Ndo maana hesabu ya taarifa zilizopokelewa peke yake haitoshi, inatakiwa ikae bega kwa bega na ya zilizofuatiliwa na muda uliotumika. Mkurugenzi akijua atashambuliwa kwa namba kubwa atahakikisha namba inakuwa ndogo, na njia rahisi kuliko zote ya kuipunguza ni kutoandika.

Basi mtu wa kawaida anaipataje hiyo taarifa inayoshuka? Mlango wa kwanza ni diwani. Baraza la madiwani linakutana kila robo mwaka, vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi, na taarifa za idara zinapita pale. Sisi tunakwenda barazani kusikiliza soko na mitaro tu. Vijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, huku mjini kuna mikutano ya mtaa. Mlango wa pili ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia unaandika barua ukieleza unachotaka na ofisi ya umma ina siku 30 kukujibu, wakikunyima unaomba mapitio ukianzia kwa mkuu wa taasisi yenyewe. Usiombe faili la mtoto fulani, utanyimwa na watakuwa sahihi. Omba hesabu. Halafu kuna CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, watu wanadhani anakagua risiti tu, kumbe ana na ukaguzi wa ufanisi, yaani anaangalia kama huduma yenyewe ilifanya kazi, na ripoti zake zikishafika bungeni ziko wazi. Na kama ofisi imekudhulumu au inakuzungusha kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wanapokea malalamiko dhidi ya taasisi za serikali.

Kuposti picha sio mlango. Najua hasira, na mimi ninazo, lakini yule mtoto wa alama za mkanda miaka kumi ijayo atakuwa anatafuta kazi au mchumba na mgongo wake bado unazunguka kwenye simu za watu. Tumemvunjia siri yeye na tumeiachia ofisi siri yake. Kinyume kabisa.

Nikaona nisiishie kuandika tu. Kwenye mkutano wa mtaa mmoja wa hapa mjini, siutaji, yalipofika mengineyo nikanyoosha mkono. Nikauliza maswali matatu niliyoyaandika kwenye kikaratasi: kuanzia mwezi wa kwanza mtaa umepokea taarifa ngapi za watoto na kuzipeleka kata, ngapi zimerudi na majibu, na kamati ya MTAKUWWA ya mtaa imekaa mara ngapi. Watu wakacheka kidogo, mama mmoja nyuma akasema "eheee", mwenyekiti akamgeukia mtendaji, mtendaji akamgeukia mwenyekiti. Mwishowe nikaambiwa swali ni zuri, litaandikwa na kujibiwa kikao kijacho. Kikao kijacho nikawahi kufika, nikaomba muhtasari nikaupitia. Wameandika mstari mmoja: "Wananchi walihimizwa kutoa taarifa."